Dakika Kumi na Moja za Seli Iliyokwama

Umewahi kuiona seli hai ikigawanyika, kwa jicho lako mwenyewe, au ulikariri tu mchoro wa kitabuni, ukapewa alama zako, ukaenda zako?

Usione haya. Wengi wetu tulikariri. Tuliandika kwamba kromosomu hujipanga katikati ya seli, kisha hutengana, nusu huku na nusu kule, na darasa zima hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza: zinajipanga kwa nguvu gani? Nani anazivuta? Huyo anayezivuta anakula nini?

Kuna mtu aliuliza. Hakuwa mwanafunzi wala mwalimu. Alikuwa mfagizi wa miaka ishirini na mitano, ameshika ufagio kwenye maabara ya biolojia ya chuo kimoja, na mhadhiri mmoja mzee aliyekuwa na roho nzuri akamwambia, "Kijana, weka huo ufagio, njoo uchungulie." Akachungulia. Ufagio haukurudi mkononi tena. Mhadhiri alistaafu, wakaja wengine, nao wakaondoka, na yule mfagizi akabaki pale pale hadubini ilipo, akawa fundi wa maabara. Sasa ana miaka hamsini na mmoja, kipara kinachong'aa na koti jeupe ambalo mkewe, mshonaji, amelishonea mfuko mwembamba wa kutosha kibanio na wembe.

Wanafunzi walimpa jina la Subirini. Hakuna aliyekumbuka lilianza lini, lakini sababu ilijulikana. Ukimuuliza mbona hakitokei kitu, atakujibu, "Subirini." Ukimwambia macho yanauma, "Subirini." Siku moja bomba la sinki lilipasuka, maji yakaruka mpaka darini, wanafunzi wakapiga kelele, naye akiwa ameinamia lenzi akasema, "Subirini kidogo, inakaribia kuachana." Na kweli walisubiri, viatu vimelowa.

Sifa ya maabara yake ilikuwa mmea mmoja. Nje ya dirisha, kwenye makopo matupu ya rangi, alipanda mmea wa kutambaa wenye maua ya zambarau, ule ambao watu huung'oa wakidhani ni gugu. Ndani ya kitumba cha ua ambalo halijafunguka kuna stameni, viungo vya kiume vya ua, na kila stameni imeota vinyweleo vyembamba mno. Kinyweleo kimoja ukikiweka chini ya hadubini unaona shanga za zambarau zimetungwa mstari mmoja. Kila shanga ni seli. Na zile za nchani, ukibahatika, zinagawanyika hapo hapo unapozitazama. Hakuna rangi ya kutia, hakuna kuua kitu. Kitu kizima, hai, kinafanya shughuli zake, na wewe umechungulia kama jirani dirishani.

Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyethubutu kuuvunja. Hadubini nzuri ilikuwa moja tu, kwa hiyo wanafunzi walijipanga foleni. Anayeangalia haruhusiwi kutoka kwenye stuli mpaka aseme kwa sauti alichokiona, na anayemfuata anakiandika ubaoni pamoja na saa. Husemi ulichosoma kitabuni. Unasema ulichokiona. Aliyethubutu kusema "Naona awamu ya pili" alirudishwa nyuma ya foleni. "Hiyo awamu ina mkia? Ina rangi gani? Rudi nyuma, ukaoshe macho." Basi ubao wake ulijaa maneno ambayo huyakuti kwenye kitabu chochote: *vijiti vinatetemeka, kimoja kimechelewa, sasa vimekaa sawa kama watu wanaopigwa picha.*

Mimi nasema hayo ndiyo masomo. Lakini ngoja kwanza.

Mkuu wa idara alikuwa mpya, ana miaka mitatu tu pale. Mwanamke hodari, mwenye shahada zake tatu na hatua za haraka. Viatu vyake vilisikika kutoka mwanzo wa korido. Hakuwa mtu mbaya, na hilo niliseme mapema. Alikuwa na haraka, kama karibu kila mtu aliyepewa ofisi. Alileta filamu nzuri sana ya seli ikigawanyika, yenye rangi za kuvutia na muziki wa taratibu, akamwita Subirini ofisini.

"Mzee, hii inaonyesha kila kitu kwa dakika moja," alisema. "Wewe unachukua saa mbili, na siku nyingine ua linagoma."

"Linagoma kweli, Daktari. Lina haki yake."

"Mimi sina haki ya kugoma. Nina wanafunzi mia tatu na chumba kimoja. Nataka ile maabara iwe chumba cha kompyuta. Wewe utahamia stoo ya shajala. Kazi nyepesi, kivuli, kiti kizuri."

Stoo ya shajala ni karatasi, wino na bahasha. Hakuna kitu kinachopumua mle isipokuwa mtunza stoo, na yeye pia kwa taabu.

"Daktari, nipe asubuhi moja tu," alisema. "Njoo ukae. Uione mwanzo mpaka mwisho."

Mkuu akatazama kalenda yake, akakuna kidevu kwa kalamu. "Alhamisi saa nne. Saa tano kamili nina kikao. Ikigawanyika mbele yangu mpaka mwisho, maabara inabaki. Ikishindikana, Ijumaa saa mbili uniletee ufunguo."

"Piga ua, itagawanyika," alisema Subirini, akatoka akijuta kuapa kwa niaba ya kitu ambacho hakiwezi kuonekana bila hadubini.

Jumatano jioni alikaa kwenye kochi akimwangalia mkewe akikunja mashuka ya mteja. Mkono wake ulikuwa ukinyemelea meza ndogo.

"Baba watoto, Vaselini yangu iache."

"Naazima kidogo tu. Ya kuzibia kioo, maji yasikauke."

"Mwezi uliopita uliazima kidogo, ikarudi kopo tupu. Hivi hao wadudu wako wanajipaka?"

"Siyo wadudu, ni seli. Kesho ikigoma, mke wangu, naenda kuuza sura kwenye stoo ya bahasha mpaka nistaafu."

Mkewe aliacha kukunja. Miaka ishirini na sita alikuwa akisikia habari za seli, kwa sikio la kupokea salamu za mtu asiyemjua. Siku hiyo akauliza vizuri. "Kwani ikigoma inagomea nini? Si inajigawa yenyewe?"

"Ndiyo kosa la watu wote hilo! Haijigawi bure." Subirini akasogea mpaka ukingo wa kochi. "Sikiliza. Ndani mle kuna nyuzi, nyembamba kuliko uwezavyo kufikiria. Zinashika kromosomu na kuzipeleka pande mbili. Nyuzi zenyewe zimejengwa kwa vitofali, na kila kitofali kinakuja na kifurushi chake cha nguvu. Kifurushi kikitumika, uzi ni mwepesi kubomoka. Basi zinajengwa, zinabomoka, zinajengwa tena. Halafu kuna wachukuzi, wana kama miguu, wanatembea juu ya hizo nyuzi, na kila hatua wanateketeza punje ya nishati. Hata pale unapoona kromosomu zimetulia katikati kwenye mstari, hazijapumzika. Zinavutwa huku na huku, sawasawa. Kutulia kule kunakula nguvu."

"Kwa hiyo hata kusimama mahali pako ni kazi."

"Ni kazi kubwa."

"Basi mimi ni seli," alisema mkewe, akachukua shuka lingine. "Miaka ishirini na saba nyumba hii imepangika, na wewe ulidhani inajipanga. Shika ncha hiyo tukunje."

Akashika ncha, wakakunja. Vaselini akapewa, kopo zima.

Alhamisi saa tatu alikuwa ameshachuma vitumba. Siku za kawaida huweka stameni moja tu kwenye tone la maji yenye sukari kidogo juu ya slaidi ya kioo, anafunika kwa kioo chembamba, anapaka Vaselini pande tatu, upande wa nne anauacha. Lakini leo alikuwa na mgeni. Mtu mwenye mgeni hasemi kidogo kinatosha. Aliweka stameni zote sita, mgeni asikose cha kuchagua, akaziba pande zote nne, akarudia juu yake safu ya pili, nene na laini, imenyooka kama chokaa ya ukuta. Akaitazama slaidi ile akaipenda. Hakuwahi kutengeneza nadhifu kama hiyo maishani.

Saa nne kamili viatu vikasikika koridoni. Mkuu akaingia na daftari lake, akapewa stuli ya mbele. Wanafunzi kumi na wawili wa mwaka wa pili walikuwa wameshajipanga, wa kwanza wao kijana mrefu aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Shikamoo, Daktari. Karibu sinema yetu. Tiketi hakuna, ila ukisinzia unatolewa."

"Redio, macho kwenye lenzi," alisema Subirini.

Redio akainama. "Naona shanga. Ya mwisho kabisa, ile ya nchani, ndani yake kuna kama tambi zimevurugika."

Msichana mwenye miwani aliyemfuata akaandika ubaoni: *4:09, tambi zimevurugika.* Foleni ikasogea. Saa nne na dakika ishirini na tatu mtu akasema tambi zimefupika, zimekuwa vijiti. Saa nne na thelathini na moja vijiti vimekaa mstari mmoja katikati. Mkuu akaitwa, akavua miwani, akainama, akakaa pale muda mrefu kuliko wote.

"Zipo hai kweli," alisema taratibu. "Kimoja kinachezacheza."

"Andika hilo ubaoni," Subirini alimnong'oneza msichana. Moyo ulikuwa ukimdunda kama cherehani ya mkewe.

Saa nne na dakika arobaini na mbili Redio alipiga kelele, "Zinaachana! Zinaachana, jamani!" Mkuu akamsogeza kando kwa bega, akaangalia, na kwa mara ya kwanza tangu aingie chuoni pale akatabasamu mpaka meno yakaonekana. Mstari ulikuwa umepasuka kwa urefu wake, miwili sasa, na katikati kijia chembamba cheupe.

Saa nne na arobaini na sita msichana mwenye miwani alisema, "Sioni badiliko."

Aliyefuata akasema hivyo hivyo. Wa tatu pia. Mkuu akarudi kwenye lenzi. Kijia kile kilikuwa kile kile, hakijapanuka hata unywele mmoja. Vile vijiti vilivyokuwa vikicheza vilikuwa vimeganda.

"Subirini," alisema fundi.

Wakasubiri. Redio alinong'ona kwamba labda zimeenda mapumziko, vijana wawili wakavunjika mbavu, mmoja akakohoa ili kuficha. Jasho jembamba lilimshuka Subirini kutoka kiparani mpaka kolani. Alikagua taa. Alikagua lenzi. Akagusa slaidi: haikuwa imekauka, maji yote yalikuwa ndani. Kila kitu kilikuwa sawa, na ndicho kilichomtisha.

Saa nne na hamsini na moja mkuu alifunga daftari. Alikuwa anajipepea nalo. Watu kumi na wanne, madirisha yamefungwa vumbi lisiingie.

"Pole, mzee. Nimejitahidi. Humu ndani hamna hewa, na mimi nina kikao." Akasimama. "Kesho saa mbili, ufunguo."

Viatu vikaondoka, ko, ko, ko, mpaka mwisho wa korido.

Subirini alibaki ameshika ukingo wa meza, anatazama mlango. Kisha macho yakamtoka.

"Hamna hewa," alisema.

"Tufungue dirisha, mzee?"

"Humu ndani hamna hewa!" Alikuwa anaitazama slaidi. Ile Vaselini nene, laini, pande nne, safu mbili. Stameni sita zimebanwa kwenye tone moja, kila seli inavuta, na hakuna tundu hata la sindano. "Nimezinyonga! Kwa mikono yangu mwenyewe nimezinyonga, kwa ajili ya unadhifu! Redio! Chukua hiyo chupa ya maji, jaza nusu, funga, itikise."

"Niitikise vipi?"

"Kama una ugomvi nayo! Nataka maji yenye hewa."

Redio akatikisa chupa mpaka mabega yakamlegea. Subirini akachomoa wembe mfukoni, akakata Vaselini upande wa kulia, akakata upande wa kushoto. Akaweka tone la maji mapya ukingoni mwa kioo, na upande wa pili akagusisha kipande cha karatasi ya kunyonya. Karatasi ikavuta maji ya zamani, mapya yakaingia nyuma yake. Tone lingine. Lingine tena.

"Mzee, mkimbilie Daktari!" alisema msichana mwenye miwani. "Hajafika mbali!"

Subirini aliinua kichwa. Ni kweli, hajafika mbali. Mtu angekimbia angemkuta kwenye ngazi. Kisha akautazama ule ukingo wa kioo, ambapo tone lilikuwa linakwisha.

"Nikitoka, nani ataipa maji?" alisema, akatia tone lingine.

Ninyi mnaodhani elimu ni vyeti vya ukutani, mwangalieni mtu huyo. Maisha yake yanashuka ngazi kwa viatu vya haraka, na yeye anaihudumia seli moja ya ua.

Saa nne na dakika hamsini na saba Redio alikuwa kwenye lenzi, chupa bado kwapani. Kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. "Inaenda," alisema kwa sauti ya chini. "Kijia kinapanuka. Mzee, inaenda."

Ilienda mpaka mwisho. Saa tano na dakika kumi vile vijiti vilikuwa vimejikusanya pande mbili, mbali kabisa. Saa tano na nusu ukuta mwembamba ulikuwa umesimama katikati, na palipokuwa na shanga moja palikuwa na mbili. Wanafunzi waliruka, wakakumbatiana, mmoja akaangusha stuli. Subirini akakaa chini akapiga miayo mirefu, kama mtu aliyebeba gunia.

Jioni mkewe alisikiliza habari yote sindano ikiwa mdomoni. Akaitoa.

"Kwa hiyo ulizipenda mpaka zikakosa pumzi."

"Ndiyo."

"Na huko stoo, hicho kiti kizuri kina mto?"

"Hakuna aliyesema habari za mto."

"Nitakushonea," alisema mkewe, akasogeza mguu wake chini ya meza ukagusa wa mumewe.

Ijumaa saa mbili kasorobo Subirini alipiga moyo konde, akaenda idarani na ufunguo mkononi. Ofisi ilikuwa imefungwa. Mkuu alikuwa chumba cha pili, anawafundisha wale wale wa mwaka wa pili kwa filamu yake, mlango wazi. Subirini akasimama mlangoni kusubiri.

Filamu ilikuwa nzuri, hawezi kuinyima haki yake. Muziki ukapanda, kromosomu zenye rangi ya dhahabu zikajipanga, zikaachana, zikafika. Dakika moja tu, kufumba na kufumbua. Taa zikawashwa.

Redio alinyoosha mkono. "Daktari, hapo katikati, zilipokuwa zinaachana, zilikuwa zinatumia nini?"

"Nishati."

"Na wakizifungia hewa?"

Mkuu akarudisha filamu nyuma, akaicheza tena. Dhahabu zikaachana vile vile, kwa raha zao, bila kuchoka.

"Hizi hawakuzifungia," alisema Redio. "Mzee alizifungia. Zikasimama dakika kumi na moja. Akazipa hewa, zikaendelea kutoka pale pale zilipoishia."

"Ziliendelea?" Mkuu aligeuka. "Jana ile?"

"Saa nne na dakika hamsini na saba," alisema msichana mwenye miwani. "Sote tumeiona. Kumi na wawili."

Mkuu alisimama mbele ya ule ukuta mweupe, mwanga wa projekta ukimpiga begani. Kisha akachomoa waya. Akatoka, akampita Subirini mlangoni bila kuutazama ufunguo, viatu vyake vikiwa taratibu safari hii, mpaka kwenye mlango wa maabara, akangoja afunguliwe. Alipoingia alivuta stuli ya mbele akaketi, akavua miwani.

"Mzee," alisema, "nitengenezee moja, uizibe pande zote nne. Leo sina kikao. Nataka kuiona ikikwama."

Koridoni, wanafunzi kumi na wawili walikuwa wanasukumana kupanga foleni.